Milingoti yangu inakufa vilele kila Septemba, na mbolea nimeweka

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Njombe. Marehemu baba alituachia ekari tatu juu ya kilima, shamba alilolima mahindi na ulezi tangu sijaanza shule. Kila mwaka kabla ya mvua alilichoma moto, ndivyo walivyolima wote. Januari ya mwaka jana nilikopa SACCOS nikapanda milingoti shamba zima, mita 3 kwa 3. Sikutaka kupanda kienyeji, kwa hiyo kila mche niliuwekea vifuniko viwili vya soda vya mbolea ya DAP, Machi nikazungushia urea vifuniko vitatu, na Desemba mvua zilipoanza nikarudia urea. Palizi sikukosa hata moja.

Mwanzoni watu walikuwa wakisimama barabarani kuitazama. Kufika Juni ilikuwa imenifika kifuani. Septemba nikaona vilele vinainama, vinageuka vyeusi, vinakauka kushuka chini kama shubiri moja hivi. Nilidhani ni jalidi, lakini jalidi ilipiga mwezi wa saba, tena kule bondeni kwa majirani, na miti yao imeshapona. Mvua zilipokuja nikaongeza urea kama nilivyokwambia, basi kila mti ukatoa machipukizi matano, sita, ukawa kama ufagio. Mwaka huu Septemba vilele vimekufa tena. Majani ya juu ni madogo na manene, ukilikunja linakatika, na mishipa ya upande wa chini imepasuka kahawia kama kigaga cha kidonda.

Kuna jambo moja silielewi. Kabla ya kupanda tulichoma marundo ya vichaka sehemu nne. Miti iliyoangukia pale, kama ishirini hivi, imenyooka na imenipita kimo. Mbolea nimeipa sawasawa na mingine.

Mwenye duka la pembejeo ananiambia niongeze urea na CAN. Jirani anasema mbolea za dukani zimetia sumu ardhi ya baba, na pale penye majivu sumu imepozwa. Kaka yangu amechoka, anataka tung'oe yote mvua hizi tupande parachichi, na watu wa kung'oa visiki ameshawapata. Anataka jibu kabla ya Krismasi. Mkopo bado unakatwa kwenye mshahara wangu, Mama. Usiku silali, najiona nimeiua ardhi ya baba kwa mikono yangu.

Mwalimu, Njombe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Ardhi ya baba yako haijafa, na wewe hukuitia sumu. Barua yako imeandikwa na mtu anayetazama miti yake kwa macho mawili. Umetaja mwezi vilele vinapokauka, umelikunja jani, umeligeuza ukaona mishipa, ukatazama hadi penye majivu. Kwa maelezo hayo karibu umeshajijibu mwenyewe.

Miti yako ina njaa ya madini yaitwayo boroni. DAP ina naitrojeni na fosforasi, urea ina naitrojeni peke yake, asilimia 46. Boroni haimo katika mfuko wowote kati ya hiyo miwili. Mti unaihitaji kidogo sana, lakini hicho kidogo ndicho kinachoshikamanisha kuta za seli changa zinapojengwa, kama saruji inavyoshika matofali. Naitrojeni ni matofali. Wewe ulimletea fundi matofali lori zima, naye akapandisha ukuta mbio mbio hadi majirani wakasimama kutazama, kumbe saruji ilikuwa ndoo moja. Ukuta ukaanza kuanguka kule juu kunakojengwa.

Ndiyo maana kinachokufa ni kilele. Hapa pana kanuni moja ambayo ningependa kila mpanda miti aishike kabla hajaenda dukani: tazama kwanza kama ugonjwa umeanzia majani ya chini au ya juu. Naitrojeni ikipungua, mti huinyang'anya kutoka majani ya zamani na kuipeleka juu kwa watoto, kwa hiyo yanayopauka kwanza ni ya chini. Fosforasi ni vivyo hivyo, majani ya chini huingia rangi ya zambarau. Potasiamu hukausha kingo za majani ya chini, na magnesiamu huyapausha katikati ya mishipa. Boroni haina tabia hiyo. Katika mlingoti, ikishaingia kwenye jani haitoki tena, hata kilele kilie njaa vipi. Chuma, zinki na shaba nazo huonekana zaidi juu, lakini sura zao ni tofauti: chuma ikikosekana jani changa huwa la manjano na mishipa ikabaki ya kijani, zinki hufanya vijijani vidogo vibanane pamoja kama ua, na shaba hupinda shina na matawi yakaning'inia. Kilele kinachokauka wakati wa kiangazi, jani nene linalokatika, mishipa yenye vigaga na ufagio baada ya mvua, vikikutana vyote kwenye mti mmoja, ni boroni.

Kwa hiyo yule mwenye duka amekupa ushauri wa kukuumiza zaidi, ingawa naamini hakukusudia. Urea ya Desemba iliamsha machipukizi sita pale palipokuwa na kimoja, na akiba ile ile ndogo ya boroni ikagawanywa kwa midomo sita. Usiweke urea wala CAN, ambayo nayo ni ya naitrojeni, mvua hizi. Hata kifuniko kimoja.

Kwa nini Septemba? Boroni ya shambani hukaa zaidi katika mboji, ule udongo mweusi wa juu uliotokana na majani yaliyooza. Huko kwenu mvua zikikata Mei, tabaka hilo hukauka. Mlingoti haukosi maji, mizizi yake inayatafuta chini, lakini huko chini kwenye udongo mwekundu uliochujwa na mvua za miaka mingi boroni ni haba. Mti unakunywa maji matupu miezi minne, mitano. Na shamba lenu limelimwa na kuchomwa moto kila mwaka tangu hujaanza shule, hivyo mboji iliyobaki ni nyembamba. Simlaumu mzee, alilima kama walivyolima wote, akawalisha.

Sasa majivu. Jirani yako ameona sawa, ameeleza vibaya. Moto huipeperusha naitrojeni ya vichaka ikapotea hewani, lakini fosforasi, potasiamu, kalsiamu na sehemu kubwa ya boroni hubaki kwenye jivu. Miti ishirini ya pale ilipata urea ile ile na ikanyooka. Kama urea ingekuwa sumu, ingeiua na ile. Kama urea ndiyo iliyopungua, ile nayo ingepungukiwa, kwa sababu jivu haliongezi naitrojeni. Kilichoiokoa ni madini ya ndani ya jivu. Majivu peke yake yasingetosha kunihakikishia kuwa ni boroni, maana yana mengi, lakini ukiyaweka pamoja na vigaga vya kwenye mishipa sibaki na shaka. Usije tu ukaanza kukusanya majivu ya kijiji kizima umwage ekari tatu. Hutayapata ya kutosha, na yakizidi mahali pamoja yanapunguza asidi ya udongo kupita kiasi, nayo boroni na chuma vikawa vigumu kwa mizizi kuvipata. Chokaa hali kadhalika, usiiguse kwa sasa.

Tena hauko peke yako, wala si aibu. Mapema miaka ya 1960, Zambia ikiwa bado inaitwa Rhodesia ya Kaskazini, wataalamu wa misitu walikuta mikaratusi, ndiyo hii milingoti yetu, inakauka vilele kiangazi kama yako, nao wakagundua ni boroni. Tangu hapo limekuwa jambo la kawaida kwa wenye mashamba makubwa ya mikaratusi katika udongo kama huo kuweka boroni miti ikiwa michanga. Wakulima wadogo ndio habari haikutufikia. Tuliuziwa DAP na urea kwa sababu ndizo zinazouzwa kwa ajili ya mahindi, na mahindi yanakaa shambani miezi michache tu, hayana Septemba ya kuvuka na kilele kichanga.

Kabla hujatoa shilingi, fanya jambo moja la bure. Chimbua miti miwili mibaya kabisa na mmoja wa wastani, utazame mizizi. Ukikuta imejisokota kwa umbo la kiriba, ikijizungusha kama kamba iliyoviringwa, mti huo uliharibikia kitaluni na hakuna mbolea itakayoufaa. Huo ng'oa. Nadhani hutakuta mingi, maana miti ya mizizi iliyojisokota isingefika kifuani kwa miezi mitano, lakini hakikisha kwa macho. Pasua pia shina moja lililokauka uangalie kama kuna tundu la mdudu, na uyatazame majani kama yana vijinundu kwenye mshipa mkuu. Vijinundu ni kazi ya kinyigu kidogo cha mikaratusi kilichoenea Afrika Mashariki miaka ya 2000. Wewe hukuvitaja, na mtu aliyeona vigaga angeviona.

Ukiweza, peleka majani maabara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole pale Mbeya ndio jirani zako, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nao wanapima. Waulize kwanza kama kipimo cha boroni kinafanyika kwa sasa na gharama yake. Chuma majani ya juu yaliyokwisha kukomaa umbo, yasiwe machanga kabisa, kutoka kama miti ishirini, mfuko mmoja wa miti mibaya na mwingine wa ile ya kwenye majivu. Tumia bahasha ya karatasi, maana ndani ya plastiki yataoza njiani. Majani makavu ya mlingoti yakiwa na boroni chini ya miligramu 15 hivi kwa kilo, hiyo ni njaa. Lakini mvua zimeshaanza, na majibu yakichelewa usiyasubiri. Kipimo kitakusaidia kupanga miaka ijayo, mti unahitaji kula sasa.

Cha kununua ni boraksi ya mbolea, ile yenye boroni asilimia 11. Kila mti upe gramu 20. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 una miti kama 450 kwa ekari, hiyo ni kilo 9 za boraksi kwa ekari, kilo 27 kwa shamba zima, na ndani yake boroni yenyewe ni kama kilo 1 kwa ekari. Ukipewa ile ya unga ya kupulizia, inayotumika kwenye kahawa na parachichi, soma mfuko. Nyingi zina boroni asilimia 20 hivi, kwa hiyo gramu 10 zinatosha. Usiitumie kwa kupulizia. Miti imeshakuwa mirefu, na nimeshakwambia kwamba boroni iliyoingia kwenye jani la leo haihamii kwenye jani la mwezi ujao.

Hapa nakusihi, mwanangu, weka pembeni kifuniko cha soda. Urea ikizidi kidogo, mti unavumilia. Boroni haina huruma hiyo, umbali kati ya dawa na sumu ni mfupi sana, na ikizidi majani ya chini huungua kingo kuzunguka pande zote. Nenda kwa mwenye mizani ya dukani, pima gramu 20 mara moja, ukate kikopo kitakachojaa kwa kipimo hicho hicho, na kikopo kisirudi jikoni. Boraksi inafanana na chumvi, iweke watoto wasikoweza kufika. Subiri ardhi ilowe vizuri, chora mduara nusu mita kutoka kwenye shina, nyunyiza kuuzunguka, fukia kidogo kwa jembe. Usimwage lundo mahali pamoja wala usigusishe shina. Na kama kuna maharage katikati ya mistari, kama wengi huku tunavyofanya, msimu huu yaache. Maharage huungua kwa boroni mapema kuliko mazao mengi.

Acha mstari mmoja katikati ya shamba bila kuuwekea chochote. Najua inauma, kuacha miti na njaa makusudi. Lakini mstari huo ndio utakaokuthibitishia, wewe na kaka yako, kama ni boroni kweli.

Tuje kwenye ufagio, maana boroni hainyooshi shina lililokwishapinda. Chukua makopo mawili ya rangi upite mti kwa mti. Ule wenye chipukizi moja lililoyashinda mengine na limesimama karibu wima, mpe rangi ya kwanza: hilo chipukizi libaki, mengine yakatwe kwa msumeno kufuata shina. Ule ambao umegawanyika chini, ukawa na panda mbili tatu zenye nguvu sawa, mpe rangi ya pili. Huo ukate wote, sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kwa msumeno mkali, mkato uinamishwe kidogo maji yasituame, na gome lisichanike. Usiogope. Mlingoti ukikatwa unachipua, na kisiki chako kina mizizi ya karibu miaka miwili chini yake, chipukizi lake litakwenda mbio kuliko mche wowote utakaonunua. Kisiki nacho kipe gramu zake 20, tena hicho ndicho kisikose, kwa sababu kitatoa machipukizi machanga mengi kwa mpigo. Yakifika kiunoni bakiza mawili au matatu upande unaotoka upepo, upepo usije ukayabandua, na baada ya miezi michache bakiza moja.

Sitakudanganya kuhusu hasara. Miti utakayoikata imekupotezea mwaka na zaidi. Iliyobaki na kigosho pale ilipopinda mingi haitauzika nguzo za umeme, itakwenda mirunda na kuni. Mkopo utaendelea kukatwa mshahara wakati unasubiri. Ila kung'oa maana yake ni kulipa watu wa visiki, kununua miche upya, na kuanza kuhesabu mwaka wa kwanza tena.

Na kaka yako msikilize, hana ubaya. Parachichi limewabadilisha watu wengi Njombe, na mimi ningefurahi mkiwa nalo. Lakini mwambie hili mkiwa mmekaa, si kwa simu: mparachichi nao ni mlaji wa boroni. Ukiikosa, kilele hufa, machipukizi ya pembeni hutawanyika kama ya mlingoti wako, na tunda huja limepinda shingo, soko la nje hawaligusi. Mkipanda parachichi juu ya kilima hicho, kwenye udongo huo huo, kwa DAP na urea hizo hizo, Septemba itawakuta tena, safari hii na miche ya bei kubwa zaidi. Kama anataka kuanza mvua hizi, mpeni nusu ekari karibu na nyumba, kama mnayo, ambako samadi inafika bila kukodi gari, na udongo wake upimwe kabla ya mashimo kuchimbwa. Milingoti iachwe ivuke kiangazi kimoja ikiwa imelishwa. Wale watu wa visiki waambieni wasubiri.

Moto usiingie tena shambani. Matawi utakayokata yaache yaoze kati ya mistari, mbali kidogo na shina kwa kuhofia mchwa. Mboji ya shamba hilo itarudi polepole, na boroni itakuwa na pa kukaa. Kwa udongo wenu mvua huiosha, huenda ukahitaji kurudia baada ya miaka miwili au mitatu, kwa kuona vilele au kwa kipimo cha majani. Usirudie kila mwaka kwa mazoea.

Septemba ijayo, mvua zikiwa zimekata kitambo, panda kilimani na kaka yako. Msimame kwenye ule mstari usiopewa kitu, mtazame vilele vyake, kisha mtazame vya kulia na kushoto. Mkunje jani moja la kila upande. Halafu niandikie umeona nini, hata kama nimekosea.